Tulinde Haya, Tusitie Aibu



Kuna maneno yasiyopendeza kutajwa gazetini, na neno la choo ni mojawapo. Lakini Musa, mtumishi wa Mungu, hakuona vibaya kuwaandikia Waisraeli sheria ya choo. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati aliwaamuru watenge mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia na kufukia, kwa sababu Mungu anapita kati ya kambi yao. Basi neno ambalo Musa alilisema mbele ya taifa zima, sisi nasi twaweza kulisema mbele ya wakristu wa parokia zetu.

Sababu ya kulisema ni hii. Siku hizi habari za Marekani zafika huku upesi, kwa radio na kwa simu za mkononi, na watu wanazibishania baada ya misa kana kwamba zimetokea kijijini kwao. Habari moja inayowachekesha wengine na kuwakasirisha wengine ni ile ya vyoo vya masomo. Mtoto aliyezaliwa msichana, lakini anajiona mvulana na kuishi kama mvulana, aingie choo gani? Na yule aliyezaliwa mvulana akaishi kama msichana, aingie kipi? Wengi wakisikia swali hilo hupiga kelele, hutukana, kisha huenda zao. Jambo lenyewe lilivyokuwa hawalijui. Sisi twataka kulieleza kwanza, halafu tuseme wazi yaliyo moyoni mwetu. Twajua hayatawapendeza wote.

Tazameni. Katika jimbo la Virginia iko wilaya iitwayo Gloucester. Mwaka 2014 kijana mmoja wa sekondari huko, jina lake Gavin Grimm, aliyezaliwa msichana, aliwaeleza wazazi wake kwamba tangu utoto wake anajiona mvulana. Mganga wa mambo ya roho alimsikiliza, akathibitisha taabu yake, akashauri aishi kama mvulana. Majuma machache baada ya masomo kufunguliwa, direkta alimruhusu kutumia choo cha wavulana. Majuma saba yakapita, wala hapakutokea ugomvi wowote chooni.

Kumbe wakubwa walikuwa hawajasema bado. Watu walisikia, wakalalamika, na komite inayosimamia masomo ya wilaya ikafanya mikutano miwili mbele ya watu wote. Katika mkutano wa kwanza kijana mwenyewe ilimpasa kusimama na kujieleza mbele ya umati. Katika mkutano wa pili, mwezi wa Desemba 2014, mtu mzima mmoja alimwita kioja, akamfananisha na mtu anayejidhani mbwa na kutaka kukojoa barabarani. Kisha komite ikapiga kura. Watu sita walikubali na mmoja alikataa. Amri ikatoka: vyoo vya wavulana ni vya waliozaliwa wavulana, vyoo vya wasichana ni vya waliozaliwa wasichana, na mtoto mwenye shida ya namna hii atafutiwe choo chake kando.

Baadaye walitengeneza vyumba vitatu vya mtu mmoja mmoja, wakaongeza pia urefu wa kuta kati ya vyoo vingine. Kwa maneno, vyumba hivyo vitatu vilikuwa vya watoto wote. Kwa kweli, aliyelazimishwa kwenda huko ni mmoja tu, na vilikuwa mbali na darasa lake. Kila alipokwenda, watoto wote walijua kwa nini amekwenda. Basi akaanza kujizuia, hata akapata ugonjwa wa njia ya mkojo mara kwa mara. Hayo yameandikwa katika hukumu za tribunali.

Maana mwaka 2015 kesi ilifika tribunali. Marekani wana sheria ya mwaka 1972 inayokataza masomo yanayopokea fedha za serikali kumbagua mtu kwa ajili ya kuwa mwanamume au mwanamke. Kanuni ya mwaka 1975 yaongeza kwamba masomo yana ruhusa kuwa na vyoo mbalimbali vya wavulana na vya wasichana, mradi vilingane kwa uzuri. Lakini kijana kama huyu awekwe upande gani, sheria haikusema. Aprili 2016 tribunali ya rufani ilimpa haki Grimm. Mei 2016 serikali ya Rais Obama ilituma barua kwa masomo ya nchi nzima, kwamba kila mtoto atumie choo kwa jinsi anavyojiona mwenyewe. Februari 2017 serikali ya Rais Trump iliifuta barua hiyo, na mwezi uliofuata tribunali kuu ikairudisha kesi chini ianze upya. Agosti 2019 juji alimpa haki kijana tena. Agosti 2020 tribunali ya rufani ilikubali, majuji wawili kwa mmoja. Juni 2021 tribunali kuu ilikataa kuisikiliza, na hapo ikaisha. Agosti 2021 komite ile ilikubali kulipa dolari milioni 1.3 kwa ajili ya maavoka wa kijana.

Hesabuni miaka. Grimm alimaliza masomo mwaka 2017. Kesi ya choo chake iliisha mwaka 2021. Wakubwa walipata hukumu, lakini mtoto hakupata choo wakati alipokuwa na haja nacho.

Tena msidhani kwamba hukumu hiyo ilituliza nchi. Desemba 2022 tribunali ya rufani nyingine, katika kesi ya namna hii iliyotoka Florida, ilihukumu kinyume, majuji 7 kwa 4. Walisema masomo yanaweza kutenga vyoo kwa jinsi mtoto alivyozaliwa, kwa kulinda haya ya watoto wote. Majimbo mengine, kama Tennessee mwaka 2021, na Alabama na Oklahoma mwaka 2022, yalikwisha kutunga sheria zao za kukaza jambo hilo. Basi mtoto wa Virginia na mtoto wa Florida walipewa majibu mawili na nchi moja.

Sasa tuseme yetu.

Kwanza, mafundisho ya Eklezya twayashika, wala hatuyaonei haya. Mungu alimwumba mtu mume na mke. Mwili si nguo ambayo mtu anavaa leo na kuvua kesho. Ni zawadi, na zawadi hupokelewa. Idara ya Roma inayoangalia mafundisho ya masomo ya kikatoliki iliandika hivyo mwaka 2019, na idara ya mafundisho ya imani ilirudia mwaka 2024, siku za Papa Fransisko. Mtu akitaka kutuambia kwamba mwili hauna maana, kwamba mtu ni kile tu anachojidhania, twamjibu: hapana. Wala hatukubali msichana anayeona haya kuvua nguo karibu na mwenye mwili wa kiume aitwe mwenye chuki. Haya yake ameitia Mungu mwenyewe, nayo yalinda usafi wake.

Kwa hiyo maaskofu wa Marekani hawakukosea walipojibu barua ile ya Mei 2016. Siku chache baada ya kutoka kwake, maaskofu wawili, Malone wa Buffalo na Lucas wa Omaha, walisema kwa niaba ya wenzao kwamba barua hiyo yasumbua sana, na kwamba haikujali vya kutosha faragha na usalama wa watoto wengine. Wakristu wengi wanalijua neno hilo na kulikariri. Lakini neno la pili la maaskofu hao hao hawalikariri. Walisema watoto walio katika shida hii, pamoja na wazazi wao, wanastahili huruma, uangalifu na heshima, na kwamba huruma hiyo yaweza kutolewa bila kuwadhulumu wengine. Hata hati ile ya Roma ya mwaka 2024, inayokataa mafundisho mapya juu ya jinsia, yaagiza kila mtu aheshimiwe na asibaguliwe bila haki. Kwa nini basi twameza nusu ya fundisho na kutema nusu? Mwenye kushika nusu ya Injili ameshika fimbo tu.

Pili, twawaambia wazi wale wanaocheka. Lugha yetu ina maneno mawili, haya na aibu, na si kitu kimoja. Haya hutoka ndani ya mtu. Ni pazia ambalo Mungu amelitundika mlangoni mwa mwili wetu. Aibu hutoka nje. Ni mzigo ambao watu wanamtwika mwenzao. Watu wa Gloucester walisema wanalinda haya ya watoto. Lakini mtu anayesimama mbele ya mkutano kupayuka habari za mwili wa kijana wa miaka 15 na kumwita mbwa, analinda haya gani? Amepasua pazia la mtoto mmoja, akasema ni kwa ajili ya kushona pazia la wengine.

Mnakumbuka habari ya Noe. Alilala uchi hemani mwake. Kam aliona uchi wa baba yake, akatoka nje kuwatangazia ndugu zake. Sem na Yafet walichukua nguo, wakaingia kinyumenyume, nyuso zao zimegeukia upande mwingine, wakamfunika. Noe alikuwa amelewa kweli, na Maandiko hayakuficha neno hilo. Hata hivyo baraka haikuwa yake aliyetangaza. Ilikuwa yao waliofunika. Twauliza: katika mikutano ile ya Gloucester, Kam alikuwa nani? Na baada ya misa, sisi tunapopokezana simu na kucheka mtoto wa watu, tumekuwa watoto gani wa Noe?

Tena Kiswahili kimetufundisha adabu pasipo sisi kujua. Waingereza wanalo neno moja la kumtaja mwanamume na jingine la kumtaja mwanamke, nao wamegombania hata maneno hayo mawili. Sisi twasema “yeye” tu, kwa kila mtu. Kabla ya kuuliza ni mume au mke, twakiri kwanza kwamba ni mtu. Mtoto huyu naye ni “yeye”, amebatizwa au anaitwa kubatizwa, na damu ya Yezu ilimwagika kwa ajili yake.

Tatu, wengine wanatuuliza: maneno mazuri hayo, lakini mtoto aingie wapi? Msikwepe swali! Hatulikwepi. Aingie katika chumba chenye ukuta hadi chini, na mlango unaofungwa kwa ndani, na nafasi ya mtu mmoja. Na chumba hicho kisiwe chake peke yake, bali kiwe cha kila mtoto: cha msichana mwenye haya nyingi, cha mvulana mgonjwa wa tumbo, cha mtoto kilema, cha yule anayechekwa na wenzake kwa sababu yoyote. Kosa la Gloucester halikuwa kujenga vyumba vile vitatu. Vyumba vilikuwa vyema. Kosa lilikuwa kupiga kura kwanza, kumtoa mtoto mmoja mbele ya macho ya wote, halafu kumjengea. Chumba kile kile ambacho kingekuwa kimbilio kikawa alama juu ya mtoto. Kama wangalijenga kwanza na kunyamaza, wakaviweka karibu na madarasa, na kuwaambia watoto wote kwamba ni vyao, nani angalijua yupi ameingia kwa sababu gani? Msichana angalibaki na haya yake, na kijana asingalitiwa aibu.

Watasema: kujenga kwagharimu. Ni kweli. Lakini je, kutojenga kwa wakati wake kuligharimu kiasi gani? Dolari milioni 1.3 zililipwa kwa maavoka, wala kwa fedha hizo hakikupatikana choo hata kimoja. Mwenye kukataa kununua bawaba ya mlango asishangae akilipa nyumba nzima.

Tena watasema: kumpa nafasi ni kukubali kosa lake. Hilo ndilo neno lao kubwa, nasi twalijibu. Yezu Kristu alipokaa kisimani pale Samaria, alikuja mwanamke ambaye maisha yake hayakuwa sawa. Yezu alimwambia ukweli wote juu ya waume wake, hakumficha hata mmoja. Lakini hakumfukuza kisimani. Hakusema: tengeneza maisha yako kwanza, ndipo uteke maji. Walikuwa wawili tu, hapakuwa na mkutano, na neno la kwanza alilosema lilikuwa la maji, si la dhambi. Huko ndiko kusema ukweli kwa namna ya Bwana wetu. Mlango wa choo si kiti cha hukumu, wala haja ya mwili si ungamo la imani. Mtoto anayekwenda haja hatuombi ruhusa ya kugeuza katekismu. Anaomba asiumwe na tumbo hadi saa nane.

Na mahali ambapo chumba cha namna hiyo hakijajengwa, direkta aketi na wazazi wa mtoto, na padri kama wanamtaka, waongee kwa sauti ndogo, watafute njia isiyomdhulumu yeyote. Wasiite mkutano, wala wasipige kura. Ila neno moja lisibishaniwe: mtoto asikose mahali pa kwenda hata siku moja. Mtoto anayeogopa choo haendi choo. Asiyekwenda choo hanywi maji. Asiyekunywa maji hasikii mwalimu anasema nini. Huyo amefukuzwa masomoni, ingawa jina lake li bado katika daftari.

Nne, na hapa ndipo wengine watakapokasirika. Wazee walisema: nyani haoni kundule. Twabishana juu ya mlango wa choo cha Virginia. Je, mlango wa choo cha masomo yetu uko wapi?

Katika Kongo hii Eklezya yasimamia masomo mengi sana, kwa mapatano yaliyofanywa na Serikali mwaka 1977. Tangu Septemba 2019, Serikali ilipotangaza kwamba masomo ya msingi ni bure, watoto walijaa madarasani hata wengine wakaketi chini. Hilo ni jambo jema, maana mtoto wa maskini naye alipata kuingia. Lakini katika masomo mengi mashimo ya choo hayakuongezeka pamoja na watoto. Nendeni mkaone. Mahali pengi choo cha wasichana na cha wavulana ni kimoja. Mahali pengine viko viwili, lakini mlango umekatika, au ni gunia limetundikwa, na upepo walichezea. Msichana akienda, rafiki yake husimama mbele akitandaza kitenge. Akifika siku zake za mwezi, hukaa nyumbani, na mwalimu huandika kwamba ni mvivu. Wavulana wakorofi huchungulia kati ya matete, na wakubwa husema ni mchezo wa watoto.

Sasa twauliza mbele ya Mungu: sisi tunaosema kwa sauti kuu kwamba haya ya wasichana wa Marekani ilindwe, tumelinda haya ya wasichana wetu kwa nini? Kwa gunia? Mtu anayelilia haya ya mtoto aliye ng'ambo ya bahari, na binti yake mwenyewe anachunguliwa nyuma ya kanisa, huyo hapendi haya. Anapenda ugomvi. Haya haina upande wa ng'ambo na upande wa huku. Mwenye kuipenda kweli huanza kuilinda pale anapoweza kufika kwa miguu.

Na msidhani kwamba watoto wa namna ile wako Marekani tu. Katika kila masomo yuko mtoto ambaye wenzake wamemtenga: mvulana mwenye sauti ya kike, msichana mwenye mwendo wa kiume, mtoto ambaye mwili wake haukukua kama wa wengine. Huyo huenda choo wakati wenzake wakiwa darasani, au haendi kabisa. Mwalimu hajui habari yake, kwa sababu mtoto wa namna hiyo hasemi. Yezu alisema maneno makali juu ya mtu anayemkwaza mmoja wa wadogo hawa, akataja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Hakuuliza kwanza mdogo huyo ni wa namna gani.

Basi, ndugu zetu, tufanye nini? Twawaomba mambo matatu, nayo hayahitaji juji wala avoka.

Ninyi wazazi wa komite, mkutano wenu ujao uanze na choo. Ulizeni kiko kingapi, na mlango wafungwa kwa ndani au haufungwi. Seremala yuko katika kila parokia, na mbao nne na bawaba mbili si mali ya mfalme.

Ninyi walimu na madirekta, mkijenga, jengeni chumba kimoja hata kidogo chenye nafasi ya mtu mmoja, karibu na madarasa, na kila mtoto aruhusiwe kukitumia bila kuulizwa sababu.

Ninyi nyote mlio na simu mkononi, habari ya mwili wa mtoto ikiletwa kwenu ili mcheke, iachieni kwenu, msiipeleke mbele. Geuzeni nyuso zenu, mwende kinyumenyume, mfunike.

Juu ya mafundisho, tutaendelea kufundisha, kanisani na darasani, kwamba mwili ni zawadi ya Mungu. Lakini mtoto hatasadiki kwamba mwili wake ni zawadi, akiona kwamba sisi wakubwa hatukumpa hata mlango wa kuufunika.